Unapounda vigari vya mfano, chunga hewa unayovuta

Tuseme umerudi nyumbani kutoka kazini saa moja jioni. Umekula, watoto wamelala, na sasa umeketi mezani mbele ya vipande vya plastiki vya lori dogo ambalo umekuwa ukiliunda kwa majuma matatu. Nje kuna baridi na mbu ni wengi, kwa hivyo umefunga dirisha. Unafungua chupa ya gundi na kuanza kazi. Baada ya saa moja kichwa kinakugonga, macho yanawasha na moyo unachafuka. Asubuhi unamwambia mwenzako kazini kwamba huenda umeshikwa na malaria.

Huenda si malaria hata kidogo. Malaria huja na joto mwilini na kutetemeka. Mvuke wa gundi hauleti homa, na dalili zake hupungua mtu anapotoka nje na kuvuta hewa safi. Ikiwa una homa, nenda ukapimwe damu. Lakini ikiwa kichwa hukuuma siku zile tu unapoketi na gundi yako, basi unayepaswa kumshuku ni hiyo chupa iliyo mezani.

Uundaji wa vigari vya mfano ni uraibu mzuri, na makala haya hayakusudii kukufukuza mezani. Ila kuna jambo moja ambalo kila mwundaji angefaa kulijua mapema: yale yale yanayoharibu kigari ndiyo yanayodhuru mwili wa anayekiunda. Gundi nyingi, rangi nzito, kisu butu, mwanga hafifu na haraka. Ukiyaepuka hayo, utapata kigari safi na afya njema kwa wakati mmoja.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kigari cha mfano ni nakala ya gari halisi iliyopunguzwa kwa kipimo maalumu. Kipimo cha 1:24, kwa mfano, maana yake ni kwamba kila sentimita 24 za gari halisi huwa sentimita moja tu kwenye kigari. Matatu ya abiria 14, yenye urefu wa karibu mita 4.7, huwa na urefu wa sentimita 20 hivi. Lori na trela yake lenye urefu wa mita 16 huwa sentimita 67, na hapo meza ya sebuleni huanza kuonekana ndogo.

Kampuni ya AMT ya Marekani, iliyoanza mwaka wa 1948, kwanza ilitengeneza vigari ambavyo wauzaji wa magari mapya waliwagawia wateja wao. Mwaka wa 1958 ikaanza kuuza visanduku vya vipande ambavyo mnunuzi huviunganisha mwenyewe. Mpaka leo vigari vyake vingi ni vya kipimo cha 1:25, ilhali Tamiya ya Japani na Italeri ya Italia hupendelea 1:24. Kisanduku kimoja kinaweza kuwa na vipande zaidi ya mia moja.

Wengine hawanunui kisanduku. Watoto wetu wameunda magari ya waya na mikebe tangu zamani, na mijini wako vijana wanaounda matatu ndogo kwa kadibodi, plastiki na vitaa vya kung'aa, zikiwa na michoro kama ile ya matatu za barabarani. Wawe wananunua au wanajitengenezea, wote hukutana na vitu vile vile: gundi, rangi, vumbi na kisu.

Faida zake kwa afya

Kazi ya mikono inayohitaji utulivu huipumzisha akili. Mtu aliyeshughulika kubandika kioo cha upande kilicho na ukubwa wa punje ya mchele hana nafasi ya kuwaza kodi ya nyumba wala maneno ya mkubwa wake kazini. Isitoshe, kazi hii huzoeza vidole na macho kushirikiana. Ndiyo sababu wataalamu wa tiba ya kazi hospitalini huwapa wagonjwa shughuli za mikono, mathalani wale waliopatwa na kiharusi, ili vidole vijifunze upya kushika na kuachilia.

Aidha, mzee na kijana wanaweza kuketi meza moja wakaunda kigari kimoja, na mazungumzo yakaja yenyewe. Faida hizi ni za kweli. Lakini mtu hawezi kuzifurahia vizuri ikiwa kila jioni anajaza chumba mvuke wa sumu.

Gundi ya plastiki

Vigari vingi vya visanduku hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polistireni. Gundi yake haifanyi kazi kama ile ya karatasi. Huyeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, kisha kemikali ya kuyeyusha hupaa hewani na vipande hubaki vimeshikana kama vilivyochomelewa. Kwa maneno mengine, ili gundi hiyo ikauke ni lazima sehemu yake kubwa igeuke kuwa mvuke ndani ya chumba chako.

Kemikali hizo hutofautiana kutoka chupa hadi chupa. Baadhi ya gundi huwa na butanoni au asetati ya butili. Gundi za zamani, pamoja na nyingi za mafundi viatu, huwa na tolueni. Nyingine za majimaji huwa na dikloromethani, ambayo ikishaingia mwilini hugeuzwa kwa sehemu kuwa kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, hata kiasi kidogo cha gesi hiyo ni mzigo. Mwaka wa 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya dikloromethani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, gundi zenye tolueni ya kiwango cha asilimia 0.1 au zaidi haziruhusiwi kuuzwa kwa watu wa kawaida.

Kwa hivyo, kabla ya kununua, soma maandishi yaliyo kwenye chupa. Ikiwa hayaonyeshi kilichomo ndani, irudishe. Ukiwa kazini, tumia brashi ndogo na tone moja tu, kisha ifunge chupa papo hapo. Gundi nyingi haiongezi nguvu: huyeyusha plastiki hadi mlango ukapinda, na huongeza mvuke unaouvuta.

Usiitegemee pua yako. Pua huzoea harufu baada ya dakika chache na kuacha kukuonya, ingawa mvuke bado umejaa chumbani. Ndiyo maana aliye ndani husema hakuna harufu, naye anayefungua mlango akitoka nje hurudi nyuma akikohoa. Mwamini huyo aliyetoka nje.

Mvuke huteremka sakafuni

Wengi hudhani kwamba mvuke hupanda juu na kutoka kupitia matundu ya ukutani. Mvuke wa gundi na wa thina ni mzito kuliko hewa. Ule wa tolueni una uzito wa mara tatu hivi ya hewa. Huteremka kutoka mezani na kutandaa sakafuni.

Sasa fikiria nyumba ya chumba kimoja. Ni nani aliye sakafuni? Ni mtoto anayetambaa, au aliyelala kwenye godoro chini. Wewe uliyeketi kitini unavuta kidogo, naye mtoto mwenye mapafu madogo na pumzi za haraka anavuta zaidi. Na ikiwa jiko la makaa au stovu ya mafuta imewekwa chini, mvuke huo unaweza kuufikia moto na kulipuka.

Kanuni ni rahisi. Usitumie gundi wala thina katika chumba chenye moto, sigara au mtu aliyelala. Fungua dirisha na mlango ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ikiwezekana, fanyia kazi ya gundi kwenye veranda mchana, kisha usiku ubaki na kazi zisizo na harufu kama kupiga msasa kwa maji, kupanga vipande au kupaka rangi ya maji kwa brashi. Mama mjamzito akae mbali kabisa na kazi ya gundi na thina.

Supaglu

Gundi hii, iliyogunduliwa Marekani mwaka wa 1942 na kuanza kuuzwa mwaka wa 1958, hushika haraka kwa sababu huganda inapokutana na unyevu. Ngozi na macho yetu vina unyevu mwingi, kwa hivyo hushika huko upesi pia.

Ikiwa vidole vimeshikana, usivivute kwa nguvu. Viloweke katika maji vuguvugu ya sabuni, kisha uvitenganishe polepole kwa kuvibiringisha. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni husaidia kwenye vidole, lakini usiikaribishe machoni wala mdomoni. Gundi ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi vuguvugu kwa dakika 15, funika jicho kwa kitambaa safi chenye unyevu, kisha uende hospitalini. Usilifungue jicho kwa nguvu hata kama kope zimeshikana.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba supaglu ikimwagika kwenye pamba au nguo ya pamba hupata joto la ghafla linaloweza kuchoma ngozi. Usiifute kwa pamba. Na ukiona vioo vya kigari chako vimepata ukungu mweupe, jua kwamba huo ni mvuke wa supaglu ulioganda. Mvuke huo ndio unaowasha macho na pua yako. Kwa vioo, tumia gundi nyeupe ya mbao, ambayo hukauka bila kuacha ukungu.

Rangi ya kupuliza

Rangi ya mkebe wa kupuliza hutawanya matone madogo sana yanayofika ndani ya mapafu, pamoja na thina yake. Ipulizie nje, upepo ukitoka nyuma yako. Paka safu nyembamba tatu badala ya moja nzito, ukiacha kila moja ikauke. Safu nzito huteremka kama machozi na kuzika michoro yote ya mwili wa gari. Haraka haraka haina baraka.

Rangi za maji hazina harufu kali, hata hivyo zikipulizwa matone yake bado huingia kifuani. Kuosha brashi kwa maji badala ya thina pekee ni hatua kubwa kwa anayeishi katika nyumba ndogo.

Onyo kubwa ni kuhusu rangi ya magari halisi. Baadhi ya waundaji huenda kwa mafundi wa jua kali kununua rangi ya kung'arisha inayochanganywa na kigumushi. Vigumushi vingi vya aina hiyo huwa na isosianeti, kemikali inayoweza kumletea pumu mtu ambaye hajawahi kuwa nayo. Akishaipata, hata chembe kidogo ya kemikali hiyo inaweza kumbana kifua siku nyingine. Barakoa ya kitambaa, au ile ya hospitali tuliyoizoea wakati wa Covid-19 mwaka wa 2020, haizuii mvuke. Hata barakoa za kuzuia vumbi haziuzuii. Rangi ya namna hiyo haifai kupulizwa nyumbani kamwe.

Vumbi na kisu

Msasa mkavu hurusha vumbi jepesi linalokaa hewani kwa muda mrefu. Tumia msasa wa maji, ukiuchovya mara kwa mara. Vumbi litabaki kwenye maji, na plastiki itakuwa laini zaidi. Futa meza kwa kitambaa kilicholowa, usifagie.

Wanaolehemu waya wajihadhari na risasi iliyomo kwenye lehemu. Baadhi ya rangi za zamani na vipande vya metali vya vigari vya kale pia vina risasi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, kwani huharibu ubongo unaokua. Usile wala kunywa chai mezani pa kazi, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Kuhusu kisu, kilicho butu ndicho hatari. Hulazimisha mtu kusukuma kwa nguvu, kikateleza, kikaingia kidoleni. Badilisha wembe mara kwa mara na ukate ukielekeza makali mbali na mkono ulioshika kipande. Kisu kikianguka, kiache kianguke. Usijaribu kukidaka wala kukibana kwa mapaja. Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia. Ikiwa damu haikomi, au kidole kimekufa ganzi au hakikunjiki, nenda hospitalini, na uulize kama unahitaji sindano ya pepopunda.

Macho na mgongo

Weka taa upande wa kushoto ikiwa unatumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisifunike kazi. Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho mbali, kama mita sita, kwa sekunde 20. Ukipita umri wa miaka 40 na ukajikuta unasukuma kipande mbali ili ukione, usilaumu kiwanda. Macho yako yanahitaji miwani ya kusomea. Kapimwe.

Usiiname juu ya kigari. Kiinue kigari kwa kukiweka juu ya kisanduku hadi kifikie usawa wa kifua, na usimame ujinyoshe kila baada ya nusu saa.

Mtoto akimeza

Vipande vidogo si vya mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Betri bapa ndogo za taa za vigari ni hatari zaidi: ikikwama kooni inaweza kuchoma nyama kwa muda wa saa mbili tu. Ukishuku kwamba mtoto ameimeza, mkimbize hospitalini bila kungoja dalili.

Mtoto akinywa thina au gundi ya majimaji, usimtapishe, wala usimpe maziwa kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi. Akitapika, kemikali hiyo inaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo huua. Mpeleke hospitalini mara moja, na ubebe chupa yenyewe ili daktari ajue alichokunywa. Na tafadhali, usihamishie thina kwenye chupa ya soda.

Neno kwa wazazi

Kila mkazi wa jiji amewaona watoto wa mitaani wakiwa na chupa ya gundi mdomoni. Wanayoitafuta humo ni tolueni. Ikivutwa kwa makusudi siku baada ya siku, huharibu ubongo, ikamfanya mtu apepesuke, asahau, na kupoteza uwezo wa kusikia au kuona vizuri. Wengine hufa ghafla kwa sababu mapigo ya moyo huvurugika. Si watoto wa mitaani pekee. Marekani, katika miaka ya 1960, tatizo hili lilienea miongoni mwa vijana wa nyumba za kawaida, na gundi waliyoivuta ilikuwa hii hii ya vigari vya mfano.

Ikiwa mwanao anaunda vigari, usimnyang'anye. Keti naye. Iweke gundi mahali unapojua na uitoe wakati wa kazi. Ukiona gundi inaisha ilhali kigari hakiendelei, harufu kwenye nguo, vidonda kuzunguka mdomo au macho mekundu, zungumza naye kwa upole na umpeleke kwa daktari au mshauri. Neno "uraibu" katika lugha yetu lina maana mbili: jambo linalompendeza mtu katika wakati wake wa mapumziko, na jambo linalomtawala asiweze kuliacha. Chupa ya gundi inaweza kuwa katika maana zote mbili, na mzazi aliye karibu ndiye anayeweza kuona mapema inaelekea wapi.

Leo jioni, kabla hujaligusa lori lako, fanya mambo manne. Fungua dirisha. Ondoa jiko. Hakikisha hakuna mtoto aliyelala chumbani. Soma maandishi ya chupa. Kama hata moja halikuwezekana, iache gundi hadi Jumamosi mchana, upige msasa kwa maji au upange magurudumu. Lori limekungoja majuma matatu. Litangoja siku mbili zaidi.